Vyura Wawili wa Mwaka wa Ukame

Saa kumi na moja alfajiri, jua halijachungulia upande wa Mkomazi, na mji wa Same bado umejifunika vumbi lake la jana. Ndani ya ghala la mabati nyuma ya stesheni, Eliwaza Mmbaga anaipiga pampu karabai yake, anaisukuma chini ya meza yenye kioo mahali pa ubao, kisha anatandaza karatasi mbili, moja juu ya nyingine.

Mwanga unapenya kutoka chini. Mchoro wa karatasi ya chini unaonekana kama samaki ndani ya maji. Eliwaza anaufuatisha kwa kalamu, lakini haufuatishi sawasawa. Anausogeza kidogo tu, unene wa unywele. Anachukua karatasi nyingine. Kisha nyingine. Rundo likitosha analibana pembeni kwa kidole gumba na kuliachia, karatasi zinapepea, na hapo kumbikumbi anatoka ardhini, anakunjua mbawa zilizolowa, anaruka.

Mwandishi wa habari hizi, mtu mzima mwenye watoto, anajikuta amejivuta nyuma ili mdudu apite.

"Usione haya," Eliwaza anacheka. "Hata Bwana Shauri wa wilaya alipokuja alimpisha."

Lakini mgeni anapoinama kutazama karatasi inayofuata, kanga inashuka juu ya meza upesi.

"Hiyo uniwie radhi, bwana. Kazi yetu hii ina masikio huko Moshi."

Eliwaza, mwenye umri wa miaka ishirini na sita, ni mchoraji wa Picha za Kilimani, kampuni ndogo ya Bwana Vithal inayotengeneza sinema fupi za michoro. Sinema hizo huzungushwa kwa gari sokoni na minadani, kuwahimiza watu wanunue sabuni, wachanje ng'ombe, au wapande miti. Ghala lenyewe lina meza mbili, picha ya Malkia iliyopauka kwa jua, na kamera iliyofungwa kwenye boriti, imetazama chini kama popo.

Kila karatasi huwekwa chini ya kamera hiyo na kupigwa picha peke yake. Sekunde moja ya sinema hula michoro minane. "Ukipiga chafya, kazi yangu ya asubuhi nzima imekwisha kupita," anasema. Kwa kazi hiyo hulipwa shilingi arobaini kwa mwezi, na macho yake, anavyoeleza mwenyewe, hulia jioni bila ya msiba.

Alizaliwa Vudee, huko juu kwenye milima ya Upare, ambako migomba imejishikilia kwenye mteremko kwa kucha. Shuleni walimu walimtumia kuchora ramani na viungo vya mwili wa mtu. Alipomaliza alishuka Same kutafuta kazi, akaingia kwa Bwana Vithal kuandika vibandiko vya chupa za mafuta. Siku moja tajiri huyo alirudi kutoka Nairobi na ile kamera, na furushi la michoro ya farasi aliyopewa na fundi mmoja huko. Aliipitisha mbele ya macho ya Eliwaza, karatasi baada ya karatasi.

"Nilitetemeka," anakumbuka. "Karatasi ni kitu kilichokufa, bwana. Ilikuwa mti, ikafa, ikawa karatasi. Na sasa inakimbia! Nikajiambia, huu ni uchawi au ni kazi? Kama ni kazi, naitaka."

Kazi hiyo ndiyo nusura imponyoke mwaka juzi, kwa sababu ya chura.

Wasomaji wa pande za Upare hawahitaji kukumbushwa mwaka ule. Vuli ilipita kavu, masika nayo ikapita bila ya kubisha hodi. Eliwaza alipopanda Vudee kumwona mama yake, Dina, alimkuta ameketi kando ya ndiva, lile bwawa ambalo watu wa kijijini hulijaza maji ya chemchemi na kuyafungulia mashambani kwa zamu. Chini kulikuwa na tope lililopasukapasuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa hapa usikilize."

Eliwaza aliketi, akatega sikio. Upepo ulipita kwenye majani makavu ya mgomba, basi.

"Nisikilize nini, mama? Sisikii kitu."

"Hicho hicho ndicho ninachokuambia usikilize," Dina alijibu. "Tangu nimezaliwa, jioni kama hii vyura wa ndiva hii wakilia huwezi kuongea ukasikika. Wamekwenda wapi?"

Swali hilo lilishuka mlimani pamoja na Eliwaza. Alipofika ghalani alikuwa amekwisha kumwona moyoni: chura mdogo aliyebaki peke yake kwenye tope, anayefunga safari kupanda hadi kilele cha Shengena kuyauliza mawingu yanakasirikia nini. Akamweleza Bwana Vithal.

"Chura?" Bwana Vithal alishangaa. "Binti, nani atanunua sabuni kwa sababu ya chura?"

Mambo yakaishia hapo. Halafu likaitishwa baraza, Bwana Maji wa serikali akasema mbele ya wafanyabiashara kwamba angependa kupata sinema za kuwahimiza watu wachimbe malambo kabla ya mvua kurudi. Bwana Vithal alitoka barazani mbio, jasho likimtiririka, akaufungua mlango wa ghala kwa bega.

"Binti! Yule chura wako yuko wapi?"

Kuchora chura wakati vyura wametoweka si jambo dogo. Eliwaza alitafuta kila kisima hapa Same, hakupata hata mmoja wa kumtazama. Akabaki kuchora kwa kumbukumbu, na kumbukumbu ilipogoma akamwomba Mwanahalima amsaidie. Mwanahalima ni mama wa Pangani anayepaka wino michoro yote ya kampuni, mtu wa mwili na wa sauti. Alichuchumaa katikati ya ghala, akafunga kanga mbili kiunoni, akaruka.

"Ruka tena, dada," Eliwaza alimsihi. "Magoti ndiyo sijayaona."

"Wewe mtoto, mimi nina wajukuu!" Lakini aliruka. Aliruka wiki nzima, mpaka makarani wa stesheni wakawa wanakuja kuchungulia dirishani.

Kazi ilichukua miezi. Filamu ikapelekwa Nairobi kwa garimoshi kusafishwa, ikarudi ndani ya kopo lake la bati. Kabla kopo halijafunguliwa, Mwanahalima aliingia kutoka sokoni, na safari hii hakuwa na sauti.

"Eliwaza. Chura wako yuko Lembeni."

"Chura gani?"

"Chura wa sinema. Gari la Moshi linamwonyesha. Watu wamemwona, wanasema yuko peke yake kwenye tope, anakwenda kutafuta mvua."

Gari la Moshi ni gari la Picha za Nyota, washindani wa Bwana Vithal, kampuni ya mlowezi mmoja wa Kigiriki aitwaye Andreou. Kampuni hizi mbili hugombania wateja walewale, minada ileile, hata kivuli cha kuegesha gari. Bwana Vithal aliposikia habari ile uso ulimbadilika. Alilifungia lile kopo kabatini, ufunguo akautia mfukoni.

"Nikimwonyesha huyu sasa, watu watasema Vithal ni mwizi," alisema. "Na mimi sikuiba. Basi mtu ameuza. Habari za chura zilijulikana na watu watatu tu ndani ya nyumba hii."

"Bwana, mimi siwezi..."

"Nenda nyumbani, binti. Mpaka nijue ukweli, usije."

Eliwaza hakwenda nyumbani. Angemwambia nini mama yake? Kwa watu wa mlimani jina la wizi halimkai mtu mmoja. Linakaa kwenye ukoo mzima, na wajukuu hulikuta. Hapo mjini tayari walikuwa wanamtania. Mwuza nyama alipomwona anapita alilia kama chura, wenzake wakaangua kicheko.

Kesho yake alipanda garimoshi la kwenda Lembeni. Anakiri kwamba alikuwa na nia mbaya. "Nilitaka kulipasua lile pazia lao la sinema," anasema. "Mkasi nilikuwa nao ndani ya kikapu."

Watu walikuwa wamejaa uwanjani, wengine wameshuka kutoka Ugweno na mizigo ya ndizi, wengine wachungaji wa mbugani waliosimama kwa mguu mmoja, wameegemea fimbo. Giza lilipoanza kuingia jenereta ikanguruma, mwanga ukapiga kitambaa cheupe, na chura akatokea.

Eliwaza alishika mkasi. Kisha akausahau.

"Alikuwa chura," anasema, na mpaka leo anapolisimulia hili anashusha sauti kama mtu aliye kanisani. "Sikujua kuna mtu mwingine chini ya mbingu hii anayejua namna koo la chura linavyotetemeka kabla hajaruka. Nililichora lile koo mara nyingi, nikalichana, nikalirudia, nikalia. Na sasa liko pale mbele yangu, mkono mwingine umelichora. Nilisikia baridi mwili mzima. Ni kama kusikia ndoto yako ikisimuliwa na mgeni."

Chura wa Moshi hakupanda mlima. Aliondoka kwenye nywesheo la ng'ombe lililokauka, akavuka mbuga juu ya mgongo wa dume jekundu, akiwafuata wachungaji walioyafuata mawingu. Nyasi zilipita chini yake. Mifupa ya mnyama ikapita. Katika umati ule hapakuwa na aliyekohoa.

Sinema ilipokwisha, Eliwaza alikwenda moja kwa moja garini na kuuliza mchoraji ni nani. Kijana mrefu aliyekuwa akiikunja waya ya taa aliinua mkono. Vidole vyake vilikuwa na wino kama vyake.

"Ni mimi, dada. Naitwa Loishiye."

"Nani alikupa habari za chura, kaka?"

Loishiye alimtazama bila ya kuelewa. "Anipe nani? Mama yangu alirudi kutoka nywesheoni kule Ruvu, akasema, ng'ombe wanalia, hilo tumezoea, lakini vyura wamenyamaza, na hilo ndilo linaloniogopesha. Nikakosa usingizi. Baadaye tajiri alirudi kutoka barazani kwa Bwana Maji, anataka hadithi ya maji. Nikamwambia, ninayo."

"Baraza lipi? Lile la Same?"

"Hilohilo. Tajiri wako alikuwapo pia, walipeana mkono."

Eliwaza aliketi juu ya kreti tupu la soda. 

"Kwa nini mmetutangulia?" aliuliza mwishowe.

Hapo Loishiye aliona haya. Alisema kwamba watu wa stesheni walikuwa wakisimulia habari za mama mmoja wa Same anayeruka kama chura ghalani. Habari zikafika Moshi. "Nilidhani tajiri atasema basi, tutafute mnyama mwingine. Badala yake alisema, kama Vithal naye ana chura, basi chura ndiye anayetakiwa, tusilale. Tukafanya kazi kwa taa. Nilikuwa nakuonea wivu, dada, na sikukujua hata jina."

Mchungaji huyu wa zamani, aliyeanza kwa kuchora ng'ombe wa baba yake juu ya mawe kwa udongo mwekundu, alifanya jambo ambalo Eliwaza hakumwomba. Aliomba ruhusa ya siku mbili, akapanda naye garimoshi mpaka Same, akasimama mbele ya Bwana Vithal.

"Shikamoo, bwana. Mimi ndiye mchoraji wa Moshi. Huyu dada hakuniuzia kitu."

"Utasema nini kingine?" Bwana Vithal alijibu. "Mwizi humtetea mwizi."

"Basi tupe karatasi."

Walikaa kwenye meza zile mbili, wamepeana migongo, kila mmoja akachora chura. Mwanahalima alizichukua karatasi akaziweka juu ya kioo, na wote wakainama.

Chura wa Loishiye alionekana kutoka juu: mgongo mpana wenye madoa, miguu imetandazwa pembeni. Chura wa Eliwaza alikuwa ametazama mbele, macho yamevimba juu ya maji, mdomo umekaza, kama mtu anayesubiri kujibiwa salamu.

Mwanahalima aligusa karatasi ya Loishiye, kisha ya Eliwaza.

"Huyu amemwona chura akiwa amesimama na fimbo. Na huyu amemwona akiwa ameinama na mtungi."

Bwana Vithal alizitazama karatasi zile, akavua miwani, akaifuta, akazitazama tena. Kisha alifungua kabati akatoa lile kopo. Radhi hakuomba, si desturi yake. Ila alimwambia Eliwaza, "Kesho ni siku ya soko. Mwambie dereva atie petroli."

Bwana Vithal alikuwa na hofu kwamba hatakuja mtu, kwa kuwa chura mmoja amekwisha kuonekana. Ilikuwa kinyume. Waliomwona wa Lembeni walikuja kumlinganisha, na waliomkosa walikuja kwa sababu walichoka kusimuliwa. Watu wa Vudee walishuka kwa miguu tangu asubuhi. Wachungaji walikuja na wake zao, shanga zikilia. Mwuza nyama alikuja, akakaa mbele.

Chura wa Eliwaza alipanda. Alipita mashamba yaliyokauka, akapita mifereji mitupu, akalala chini ya jani, akaamka, akapanda tena. Kule kileleni wingu lilimjia, jeupe, kubwa, limejaa pazia lote. Chura akavimbisha koo. Akafungua mdomo.

Sinema hizi hazina sauti. Chura alifungua mdomo na pakawa kimya, kimya kilekile alichokisikia Dina kando ya ndiva.

Ndipo upande wa wachungaji mzee mmoja alipolia kama chura.

Hakutania. Alilia kwa kina, kutoka kifuani. Mwanamke wa Vudee akamjibu. Akajibu mwingine, na mwingine, na haikuchukua muda uwanja mzima wa soko, watu wa mlimani na watu wa mbugani, wanawake wenye watoto migongoni, wazee wenye mikongojo, walikuwa wakilia kwa sauti ya vyura wasiowasikia tangu mwaka uliopita. Mabati ya maduka yalitetemeka. Dereva, aliyekuwa kwenye mashine, aliondoa kofia.

"Nilijificha nyuma ya gari," Eliwaza anasema. "Mimi nilichora wino tu. Ile sauti ilitoka wapi? Ilikuwa ndani yao muda wote, inangoja mtu afungue mdomo." Loishiye, aliyekuwa karibu naye, alisema neno moja la kwao, "Sidai," maana yake ni vizuri.

Mwandishi alimwuliza Bwana Vithal anaelezaje kampuni mbili zinazochukiana kuzaa kitu kimoja kwa wakati mmoja. Alifikiri, akisokota ufunguo wa kabati kidoleni.

"Wakati wa ukame, wauza maji wawili hawana haja ya kuibiana wazo," alisema. "Sisi wote tunasikiliza baraza moja, tunatazama mbingu moja. Halafu, nikwambie ukweli, nami huwauliza watu wa stesheni kuna nini ndani ya vifurushi vya Moshi. Nikisikia mwenzangu ana simba, usiku nawaza simba. Naogopa watu wakimtaka simba wasimkute kwangu."

Eliwaza halikatai hilo, lakini halimtoshi. "Woga wa matajiri ulituharakisha. Haukutuzalia chura," anasema. "Chura alikuja kwa kuwa mama wawili wasiojuana waliketi mahali mbalimbali wakasikiliza kimya kimoja. Nikiliwaza hilo, mpaka leo nywele zinasimama."

Bwana Maji alizichukua sinema zote mbili. Malambo yalichimbwa, mengine mlimani, mengine mbugani, na mvua iliporudi yalikuwa tayari kuipokea. Eliwaza alirudi mezani kwake akakuta kioo kipya badala ya kile cha zamani chenye ufa. Yeye na Loishiye hupeana salamu kupitia kwa makondakta wa garimoshi, ingawa habari za kazi, wamekubaliana, hakuna anayemwambia mwenziwe.

Sasa Eliwaza ana jambo moja linalomkosesha raha. Vudee hawajamwona chura wao, isipokuwa wale wachache walioshuka siku ile ya soko. Gari la sinema haliwezi kupanda. Barabara inaishia mbali chini, kisha ni njia ya miguu na mawe. Dina, ambaye magoti hayamruhusu tena kushuka, hajawahi kuona sinema maishani mwake.

Mpango umekwisha kufanywa. Mavuno ya maharage yakimalizika, wanawake wa Vudee watashuka na kata zao vichwani na kuipandisha mashine vipande vipande. Jenereta itabebwa na wanaume wanne kwa mti, kama wanavyobebwa wagonjwa. Bwana Vithal amekubali, baada ya kunung'unika sana. Loishiye ameahidi kuja na sinema yake, kama tajiri wake ataridhia, ili watu wa juu wawaone vyura wote wawili siku moja. Pazia litatundikwa kando ya ndiva.

"Nataka mama akae mbele," Eliwaza anasema. "Nimtazame yeye, si pazia."

Alimtumia habari kwa jirani mmoja aliyekuwa akirudi mlimani na chumvi: jiandae mama, nakuletea chura. Majibu yalishuka Jumamosi iliyopita, na Eliwaza mwenyewe hajui kama mama yake anatania au anasema kweli.

"Mwambieni mwanangu njia ni ndefu na jua ni kali," Dina amemwagiza jirani. "Amfunike kwa majani mabichi. Mimi nimekwisha jaza mtungi, nimeuweka kivulini. Akifika, asikute kukavu."